Nyumba ya Urithi Ikivuja, Nani Alipe?



Kila mwenye shamba la urithi amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake, wala hana haja ya kuambiwa. Wakati wa kupalilia huwa yuko mrithi mmoja na panga lake. Akiwapelekea nduguze salamu kuwa mwitu umeingia, mmoja mgonjwa, wa pili yumo safarini, wa tatu hajapata fedha. Lakini mikarafuu ikizaa, karafuu zikaanza kuonekana juu ya majamvi, hapo warithi hutimia wote, hata wale wa Mombasa na wa Dubai, na kila mmoja hulikumbuka fungu lake mpaka katika makonyo.

Nyumba ya urithi ni shamba la namna hiyo hiyo, illa iko tofauti moja kubwa. Mkarafuu ulioachwa bila ya kupaliliwa utazaa kidogo, kisha ukitunzwa huenda ukarudi. Nyumba iliyovuja misimu miwili ya mvua hairudi kwa maneno. Tena shamba lina mavuno ya kuwakutanisha warithi, na nyumba haina. Ndiyo sababu ugomvi wa nyumba hukaa kimya miaka mingi, na siku unapozuka, huzuka pamoja na paa.

Tumeandikiwa barua na mwanachama mmoja wa Pemba juu ya nyumba ya namna hii. Jina lake tunalihifadhi, na mambo machache tumeyageuza ili jamaa zake wasijulikane. Tumeona si haki jibu lake libaki katika faili la ofisi, kwani tunajua si peke yake.

Nyumba yenyewe haiko kisiwani. Iko Kitaji, na wanachama wengi hawaijui Kitaji. Ni kata ya mjini Musoma, mkoa wa Mara, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, ambako watu huzungumza sangara na dagaa kama sisi tunavyozungumza karafuu. Anayetoka Mwanza hupita Bunda kwanza ndipo afike Musoma, na Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, iko upande huo huo. Ni mbali na Pemba, lakini ndugu zetu wa kisiwani wamefika mbali zaidi ya hapo kwa kutafuta riziki.

Marehemu baba wa mwanachama wetu alikwenda huko akiwa kijana, akafungua duka, akaoa, akajenga Kitaji nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Alipofariki aliacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Mali aliyoiacha ni nyumba hiyo, na shamba la mikarafuu huku Pemba alilolirithi kwa babake. Mwana mkubwa ndiye mwanachama wetu, naye alirudi Pemba zamani kulitazama shamba. Mdogo wake anakaa Kitaji katika vyumba vitatu pamoja na mkewe na watoto. Mama yao ana chumba chake. Vyumba viwili vimepangishwa kwa shilingi 30,000 kila kimoja kwa mwezi. Dada mmoja ameolewa Bunda, na wa pili yuko Maskati.

Sasa paa limekwisha. Yule mdogo amekaa na fundi wakapiga hesabu: mabati 50 kwa shilingi 30,000 kila moja, ni 1,500,000, mbao za kenchi na misumari 500,000, ujira wa fundi 400,000. Jumla shilingi 2,400,000. Akawapigia simu nduguze, akawaambia: tuko wanne, kila mtu alete 600,000.

Dada wa Bunda akajibu kwamba katika mirathi yeye alihesabiwa nusu ya fungu la kaka, basi imekuwaje katika bati awe sawa naye? Dada wa Maskati akasema atazitoa zote, milioni mbili na laki nne, lakini nyumba iandikwe kwa jina lake. Mwanachama wetu akasema hatoi hata senti, kwa sababu anayekaa ndani ndiye anayevujiwa. Na mdogo wake akamjibu kwa neno ambalo mwanachama wetu, kwa uaminifu wake, hakulificha katika barua: "Na karafuu za baba ziko wapi?"

Tumeulizwa nani mwenye haki. Tumekaa na barua hii, tukawauliza wanaojua fiqhi na wanaojua sheria za Bara, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Dada wa Bunda amesema kweli, naye ndiye tutakayeanza kwake.

Mafungu ya mirathi yamekwisha kuwekwa katika Sura ya An-Nisaa, na sisi hatuna la kuongeza. Mke ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni, yaani fungu moja katika manane. Kinachobaki huwa cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa moja. Tuigawe basi nyumba ile mafungu 48. Mama ana 6. Kila mwana wa kiume ana 14. Kila binti ana 7. Ukijumlisha 6 na 28 na 14 utapata 48, hapana lililobaki.

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni inayojulikana, kwamba gharama na hasara hufuata faida: mwenye kupata kwa kadiri fulani hubeba kwa kadiri ile ile. Katika Majalla, ile sheria ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876, jambo hili limeandikwa waziwazi: mali ya washirika ikihitaji kutengenezwa, hutengenezwa na wenyewe wote kwa kadiri ya mafungu yao. Majalla haikuwa sheria ya kwetu, na imetungwa kwa madhehebu ya Hanafi, lakini katika mlango huu ni vigumu kuipinga.

Kwa hesabu hiyo, shilingi 2,400,000 ukizigawa kwa 48, kila fungu lina 50,000. Mama ni 300,000. Kila kaka ni 700,000. Kila dada ni 350,000. Sasa itazameni ile hesabu ya "tuko wanne". Imemsahau mama, ambaye ni mrithi kamili. Imempunguzia kila kaka 100,000. Na imewatwika madada wawili 500,000 zisizo zao: 300,000 za mama na 200,000 za kaka zao. "Sawa kwa sawa" ni neno tamu mdomoni, na msemaji wake aghalabu hana nia mbaya. Lakini pale ambapo mafungu si sawa, mchango wa sawa humla mwenye fungu dogo.

Liko kosa la pili juu ya madada, nalo twaliona ni baya zaidi kwa sababu linakuja na sura ya wema. Ni pale kaka wanaposema: dada zetu wameolewa, wako kwa waume zao, tusiwasumbue kwa bati. Dada hufurahi, na huona kaka zake waungwana. Miaka ishirini ikipita, kaka wakafa, watoto wao huja na neno jingine: shangazi hakutoa hata msumari katika nyumba hii, leo anataka fungu gani? Tumeyaona haya Wete, tumeyaona Chake, na hatuna shaka Kitaji nako yako. Kwa hiyo twamwambia dada wa Bunda, kama anatusoma kwa mkono wa kakake: lipa 350,000 zako, au hata 50,000 kila ulipopata, na karatasi yake uiweke.

Khasa huko Bara anahitaji karatasi. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika kanuni za mila za urithi kwa makabila yanayofuata upande wa baba iliwaweka mabinti katika daraja la tatu, nyuma ya mwana wa kwanza wa kiume na nyuma ya wana wengine wa kiume. Ni kweli kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika kesi ya Ephraim na Pastory, iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na babake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Ni kweli pia kwamba mali ya Mwislamu aliyeishi Kiislamu mahakama huweza kuigawa kwa sheria ya Kiislamu. Lakini jirani anayetoa ushahidi hafungui vitabu. Husema alichokiona, na akimwona siku zote kaka peke yake juu ya paa, atasema nyumba ni ya kaka.

Sasa tuje kwa mwanachama wetu mwenyewe, aliyesema kuwa anayekaa ndani ndiye anayevujiwa. Neno lake lina kweli nusu, na nusu hiyo tuipime kwa vyumba.

Mafungu 14 katika 48 ya nyumba ya vyumba sita ni sawa na chumba kimoja na robo tatu. Mdogo wake anakaa katika vyumba vitatu. Basi amezidisha chumba kimoja na robo, na kwa kodi ya 30,000 ya mtaa ule, ziada hiyo ni kama shilingi 37,500 kwa mwezi. Hizi ni za wenziwe. Wafaransa, ambao sheria yao ina mlango mrefu juu ya mali isiyogawiwa, humtoza fidia mrithi anayekaa peke yake katika nyumba ya wote, na wakati huo huo humrudishia alichokitumia kwa kuihifadhi. Mambo yote mawili huingia katika hesabu moja. (Mama naye, kwa mafungu yake 6, ana robo tatu ya chumba na anakaa katika chumba kizima. Mwana atakayemdai mama yake kodi ya robo chumba asituandikie sisi.)

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Nani analala pale usiku mwizi anapopita? Nani anampeleka mama hospitali? Nani anazibua choo? Na liko jambo ambalo wa kisiwani huenda hawalijui, kwa kuwa ni la Bara. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo huko hukatwa katika umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Haimwulizi mtu kama yeye ni mrithi wa fungu gani. Humkata yule anayenunua umeme. Basi kila mwezi mdogo mtu, au hata mpangaji wake, amekuwa akilipa kodi ya mafungu 48 bila ya kujua, na kaka na dada hawajui kuwa wanalipiwa. Fedha ni ndogo. Lakini katika ugomvi wa ndugu fedha ndogo zilizosahauliwa ndizo zinazouma.

Rai yetu ni hii. Umeme, maji, kuzibua choo, kitasa kilichovunjwa na watoto, rangi ya chumba anacholala, hizo ni gharama za mkaaji, wala asimwandikie mtu. Paa, kuta, msingi, kodi ya jengo na pango la ardhi ni za wenye nyumba wote kwa mafungu yao. Na ile ziada ya chumba kimoja na robo, kama wote watakubali, iwe ndiyo ujira wake wa kuilinda nyumba na kumtazama mama. Tumesema kama wote watakubali. Isiwe jambo ambalo kila mtu analijua moyoni mwake kwa namna yake.

Kodi ya vile vyumba viwili ni shauri jingine kabisa. Hiyo si ya mkaaji. Shilingi 60,000 kwa mwezi ni 720,000 kwa mwaka, na kila senti ina mafungu 48. Barua inasema fedha hizi huingia jikoni, na mama hula humo. Hatusemi ni dhuluma, kwa sababu matunzo ya mama asiye na kitu ni wajibu wa watoto wake wenye uwezo, na huenda kodi ile ndiyo iliyowapunguzia kaka na dada kupeleka fedha za matumizi. Lakini lau ingewekwa miaka miwili tu, zingekuwako shilingi 1,440,000, na bati lingebakiwa na upungufu wa 960,000. Kila fungu lingekuwa 20,000: mama 120,000, kila kaka 280,000, kila dada 140,000. Watu waliokuwa wakitukanana kwa simu juu ya laki sita wangekuwa wanazungumza laki na nusu.

Kwa hiyo twashauri kodi ya chumba kimoja iwe ya mama, ijulikane hivyo na iandikwe hivyo. Kodi ya chumba cha pili iwe ya nyumba, isiguswe na mtu illa kwa msumari na bati.

Dada wa Maskati tumemfikiria sana, kwa sababu ndiye mwenye fedha, na mwenye fedha katika nyumba inayovuja huwa na sauti. Hatukuona ubaya katika kutoa kwake. Tumeona ubaya katika sharti lake. Akitoa 2,400,000, katika hizo 350,000 ni zake mwenyewe, na 2,050,000 amewakopesha wenziwe. Mkopo huo una haki ya kurudi, nao urudi vile vile ulivyotoka bila ya nyongeza. Lakini mkopo wa bati haununui nyumba. Mrithi asiye na fedha mwaka huu ni mdaiwa, na deni lake liandikwe juu ya fungu lake, lilipwe kwa kodi ya vyumba au siku ya kuuza. Fungu halifi kwa sababu bati la mwenye fungu limelipwa na mwingine.

Kama dada anataka kununua mafungu ya nduguze, njia iko wazi na ni halali: kila mwenye fungu aulizwe peke yake, bei ipatanwe nyumba ikiwa na paa, si siku ambayo mama ameweka beseni katikati ya kitanda, na mashahidi wawepo. Kadhalika mrithi yeyote akitaka kumwuzia mtu wa nje fungu lake, wenziwe wakumbuke kuwa fiqhi ina haki iitwayo shufaa, inayompa mshirika nafasi ya kulichukua fungu lile kwa bei ile ile. Haki hii ina masharti yake, na haimngoji anayelala. Aliyesikia jana kuwa fungu limeuzwa amwendee mwenye elimu leo.

Jambo jingine katika madai ya ukarabati ni idhini. Turudi katika ile Majalla, kwani imelipanga vizuri. Mshirika akitengeneza kwa idhini ya mwenziwe, ana haki ya kumdai fungu lake. Mwenziwe akiwa hayupo, idhini ya mahakama husimama mahali pake. Akitengeneza mwenyewe tu bila ya kumwuliza mtu, amejitolea, na hana la kudai. Wangapi katika sisi wameezeka nyumba ya baba kwa jasho lao, kisha wakaleta hesabu baada ya miaka mitano, wakaambiwa: nani alikutuma? Ni jibu la kuudhi, lakini lina miguu ya kusimamia. Siku hizi kuuliza si kazi. Ujumbe wa simu kwa ndugu wote, wenye picha ya paa na bei ya fundi, hugharimu kidogo kuliko msumari mmoja, na jibu la "sawa, tengeneza" ni idhini.

Hapo tena pana mpaka. Idhini ya kuezeka si idhini ya kupamba. Anayekaa ndani akiona fedha zimepatikana, huenda akatia marumaru ukumbini na madirisha ya aluminiamu, kisha yote yakaingia katika "gharama za nyumba". Paa lisipokuwapo nyumba haipo. Marumaru yasipokuwapo nyumba ipo, ila haipendezi. La pili hulipwa na aliyelitaka, mpaka wenziwe wamekubali.

Atakayesema kuwa haya ni maneno mengi kwa ajili ya mabati 50, na aende Mjini Unguja akatembee Mji Mkongwe. Mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka ya kuuhifadhi ilikuwako tangu 1985, na hata hivyo nyumba zake zinaendelea kuanguka. Wenye kujua majengo watakueleza namna. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta. Maji yakiingia kwa juu, kwa bati lililotoboka au mfereji ulioziba, hushuka ndani ya ukuta kimya kimya, hulainisha chokaa, na kichwa cha boriti huoza pale ambapo hapana jicho linalofika. Chumbani kila kitu ni kizima, na rangi inang'aa. Kisha siku moja dari hushuka. Hata Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Hilo ni jengo la Serikali, na mafundi walikuwa wamo kazini. Sembuse nyumba ya warithi kumi na watano, ambao watano wako ng'ambo na watatu hawasemezani.

Kuta za Kitaji, kwa maelezo ya barua, ni za matofali ya udongo, na udongo hauna subira ya mawe. Ukuta wa udongo uliolowa kutoka juu hauhitaji miaka kumi. Kwa hiyo hesabu tuliyoionyesha, ya 50,000 kwa kila fungu, ni hesabu ya mwaka huu. Mwakani itakuwa ya bati na ukuta.

Limebaki lile swali la mdogo mtu, nalo tulilikwepa mpaka hapa kwa sababu linatugusa wenyewe. Karafuu za baba ziko wapi?

Mwanachama wetu ameeleza kuwa shamba analitunza yeye, analipalilia yeye, na wachumaji huwalipa yeye. Tunamsadiki. Lakini shamba lile nalo lina mafungu 48, na 34 katika hayo si yake. Analoweza kulidai ni gharama: palizi, ujira wa wachumaji, majamvi, na malipo ya haki ya kazi yake. Gharama hizo akizitoa, kinachobaki katika kila mavuno kina mama, mdogo wake, na dada zake wawili. Barua yake ina kurasa nne juu ya kodi ya vyumba viwili vya Kitaji, na mistari miwili juu ya karafuu za misimu yote tangu baba afariki. Twamwambia kwa heshima, kwa kuwa yeye ni mwenzetu na pengine katika sisi wako wengi wa namna yake: huwezi kufungua daftari la nyumba na daftari la shamba likabaki limefungwa. Zifunguliwe zote mbili siku moja. Huenda ikaonekana kuwa yeye ndiye mwenye kudaiwa bati, na huenda ikaonekana kuwa gharama zimekula karafuu na hadaiwi kitu. Hajui, wala sisi hatujui, mpaka hesabu zikae pamoja.

Kwa upande wa sheria, kwanza watazame kama msimamizi wa mirathi aliwahi kuteuliwa. Huko Musoma huteuliwa na mahakama, nayo aghalabu huwa Mahakama ya Mwanzo, na hutakiwa kuleta orodha ya mali na hesabu ya alivyoigawa. Huku Zanzibar mambo ya mirathi yetu yako kwa Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana husaidia katika kugawa. Nyumba ikiwa bado imeandikwa kwa jina la marehemu, warithi watakapoandikisha waangalie sana namna. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, ambayo ni ya Bara, inatambua namna mbili za umiliki wa pamoja. Katika namna moja, mmoja akifa fungu lake huwabakia wenziwe walio hai. Katika nyingine kila mtu ana fungu lake linalojulikana, na akifa huwaendea warithi wake. Waislamu yawapasa hii ya pili, na mafungu yatajwe: 6, 14, 14, 7, 7.

Daftari lenyewe si kitu kikubwa. Ukurasa mmoja wa kila mrithi, jina lake na fungu lake juu. Mkono wa kulia alichotoa, mkono wa kushoto alichopata, kiwe kodi, chumba, au karafuu. Ukurasa mmoja wa nyumba, wenye tarehe, kazi iliyofanywa, jina la fundi na risiti. Ukurasa mmoja wa shamba. Nakala ipelekwe kwa picha ya simu kwa ndugu wote mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Asitunze daftari yule anayekaa ndani ya nyumba, wala yule anayekaa na shamba. Katika jamaa hii twaona dada wa Bunda anafaa: yuko karibu ya kuliona paa, hapokei kodi, hachumi karafuu, na tena ndiye pekee aliyepiga hesabu sawasawa tangu mwanzo.

Mwanachama anayetaka mfano wa daftari hili aje ofisini asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa, achukue karatasi yake bila ya malipo. Na wale wenye mashamba ya urithi ambayo hayajagawiwa tungependa watuletee hesabu ya palizi na ya wachumaji ya msimu uliopita, hata kama imeandikwa nyuma ya bahasha, ili katika toleo lijalo tuitazame gharama ya kupalilia kama tulivyoitazama ya bati.